Projekta ipo, umeme upo, mbona wanasinzia?

Swali

Shikamoo Mama Mkufunzi. Mimi ni mwalimu wa Fizikia katika shule ya kata wilayani Uvinza, mkoani Kigoma. Mwaka jana wahitimu wa zamani walituchangia projekta moja na kompyuta mpakato moja, na walimu tuna vishikwambi vyetu. Kidato cha tatu nina wanafunzi 62 katika chumba kimoja. Wiki za mwanzo nikiwasha projekta walikuwa wanagombania viti vya mbele. Siku hizi nikiiwasha, dakika kumi hazijapita wengine wameshainamia madawati, na alama za majaribio hazijapanda hata kidogo. Wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu, intaneti ni ya bando langu mwenyewe, na umeme ndiyo kama unavyoujua. Mkuu wa shule anataka wazazi wachangie vishikwambi kumi zaidi. Nakosea wapi? Na huo mpango wa vishikwambi tuukubali?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Nimefurahi kwamba umetaja alama za majaribio. Shule nyingi hupiga picha siku projekta inapozinduliwa, halafu habari ya alama haiguswi tena. Wewe umeigusa mwenyewe, basi nami nitakujibu bila kuzunguka.

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Wale waliogombania viti vya mbele walikuja kuangalia ukuta unaowaka picha, na picha zikishazoeleka mtu anarudi kwenye hali yake ya kawaida. Hilo si kosa lao wala lako. Lakini ukitegemea upya wa kifaa kuwaamsha wanafunzi, kila muhula utahitaji kifaa kipya, na huna fungu hilo.

Mwanafunzi hukaa macho akiwa na kazi mkononi au kichwani: kukisia, kuchagua, kubishana, kuchora, kuandika, kufuta alichoandika. Video inayoeleza mwanzo mpaka mwisho imemnyang'anya kazi zote hizo. Imeuliza swali yenyewe, imejibu yenyewe, imechora yenyewe, imehitimisha yenyewe. Yeye amebaki mgeni aliyekaribishwa kiti. Ukimwekea mgeni kiti kizuri, chumba umekitia giza, na ni saa nane mchana, unategemea nini?

Nikusimulie kipindi kimoja nilichokishuhudia. Miaka michache iliyopita, mwalimu mmoja kijana wa shule ya kando ya ziwa aliniomba nikae nyuma ya darasa lake nimwangalie. Kidato cha tatu kama chako, mada ni kupinda kwa mwanga. Alikuwa amejiandaa kweli. Kanga mbili zimetundikwa madirishani kuzuia jua, projekta imewekwa juu ya vitabu vinne ili picha ikae sawa, video ya dakika 22 imepakuliwa tangu usiku. Video yenyewe nzuri, ila msemaji wake Mmarekani, anakwenda mbio.

Dakika ya sita nikaacha kutazama ukuta nikaanza kutazama watoto. Jirani yangu wa dawati la mwisho, kijana mrefu mwenye sweta lililochanika kiwiko, alikuwa anachora nyuma ya daftari. Nikachungulia. Amechora mtumbwi wa wavuvi wa dagaa usiku, na karabai imening'inia ubavuni, na kutoka kwenye taa ameshusha mistari ya mwanga mmoja mmoja, kwa rula, mpaka ndani ya maji. Mistari yote imenyooka, haikubadilika hata kidogo ilipovuka uso wa ziwa. Kule mbele ukutani video inaeleza habari hiyohiyo, mwanga ukiingia majini unapinda, na huku nyuma mtoto anachora mwanga unaoingia majini bila kupinda. Alikuwa ndani ya somo kuliko mtu yeyote mle darasani, na hakuna aliyemwambia.

Usiku ule mimi na yule mwalimu tulikaa tukakipanga upya kipindi. Kesho yake tuliingia na bakuli la plastiki lisilopitisha mwanga, jagi la maji na sarafu ya shilingi 200. Projekta ipo mezani, imezimwa. Mwalimu akabandika sarafu chini ya bakuli kwa gundi, akawapanga wachache mahali ambapo ukingo wa bakuli unawaficha sarafu. Kisha akaandika ubaoni: Nikimwaga maji bila kuigusa sarafu, mtaiona wapi? A, palepale ilipo. B, juu zaidi ya ilipo. C, hamtaiona kabisa. Kila mtu achague, aandike herufi kwenye daftari, ndipo anyooshe mkono.

Zaidi ya nusu walichagua C. B hawakufika theluthi. Mwalimu hakusema nani kapata. Akawaambia: geuka kwa mwenzako aliyechagua tofauti na wewe, mshawishi, una dakika mbili. Kelele zilizotoka hapo zilimleta mwalimu wa zamu mlangoni. Na yule kijana wa karabai, ambaye jana hakutoa hata sauti, alikuwa amesimama anawaambia wenzake kwamba mjomba wake huvua kwenye mabwawa ya Malagarasi, na anayepiga samaki kwa mkuki hamlengi pale anapomwona, anamlenga chini kidogo, vinginevyo mkuki unapita juu ya mgongo. Mwenzake akamuuliza, kwa nini chini? Hakuwa na jibu. Alijua tu kwamba ndivyo ilivyo.

Wakapiga kura tena, na safari hii B wakawa wengi. Maji yakamwagwa polepole, sarafu ikaibuka, na darasa likapiga kelele ya mpira wa miguu.

Hapo ndipo projekta ilipowashwa. Iliwaka dakika nne. Yule mwalimu alikuwa amepata programu ya majaribio ya Fizikia inayotolewa bure na mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Mradi huo ulianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia aliyepata tuzo ya Nobel mwaka uliotangulia. Unaipakua mara moja, baada ya hapo haidai intaneti, na baadhi ya majaribio yake yamefasiriwa kwa Kiswahili. Unaburuta taa kwenye kioo cha kompyuta na mwale unapinda mbele ya macho yako kwa kadiri unavyobadilisha pembe. Kijana wa karabai aliitwa mbele akaishika kompyuta yeye mwenyewe. Akarudi kitini, akafungua ule mchoro wake wa jana, akafuta mistari yote chini ya uso wa maji, akaichora upya.

Kisha hesabu ndogo: kipeo cha maji, yaani namba inayoonyesha maji yanapinda mwanga kiasi gani, ni 1.33; ukigawanya kina kwa namba hiyo, samaki aliye kina cha sentimita 120, ukimtazama kutoka juu kabisa, ataonekana yuko sentimita 90. Wakaandika sentensi mbili za Kiingereza kueleza sababu, kengele ikalia.

Nimekisimulia kirefu kwa makusudi, maana majibu ya maswali yako mengi yamo humo. Hebu hesabu: katika dakika 40, mashine ilifanya kazi dakika nne. Zilikuwa dakika nne za thamani kubwa, kwa sababu zilikuja baada ya darasa zima kuwa na hamu ya kujua kitu. Mwale unaopinda hauonekani kwenye bakuli. Unachoona ni sarafu kuibuka tu. Projekta ilionyesha kile ambacho bakuli, chaki na maneno ya mwalimu visingeweza kukionyesha, ikanyamaza.

Kwa hiyo kabla hujawasha chochote, jiulize mambo mawili. Kwanza, kipi hapa hakiwezekani bila kifaa hiki? Kama video inaonyesha mtu akiandika kanuni ubaoni, ubao unao, izime. Pili, wanafunzi watakuwa wanafanya nini huku kifaa kinawaka? Kama jibu ni "wanaangalia," bado hujamaliza andalio la somo.

Video zako usizitupe. Zikate. Ya dakika 22 mara nyingi ina dakika tano za maana. Itazame nyumbani ukiwa na kalamu, andika pale utakaposimamisha: dakika ya 2 na sekunde 20, muda mfupi kabla msemaji hajasema kitakachotokea. Simamisha hapo. Waulize wao: kitatokea nini? Andika, piga kura, bishana, endelea. Nakushauri pia uionyeshe mara ya kwanza bila sauti kabisa, mmoja wao asimulie anachoona kwa Kiswahili. Ukiongeza sauti baadaye wanasikiliza ili kulinganisha, na kumsikiliza mtu ili uone kama amekupinga ni usikilizaji mwingine kabisa.

Huu mtindo wa kura na jirani si wangu. Ulienezwa na Eric Mazur, profesa wa Fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, tangu miaka ya 1990 mwanzoni. Aligundua kwamba wanafunzi wake waliokuwa wakifaulu mitihani ya hesabu ngumu walishindwa maswali mepesi ya kueleza kinachotokea na kwa nini. Akaacha kuhutubia kipindi kizima. Kanuni yake ya kazi unaweza kuitumia Uvinza kesho asubuhi: waliopata wakiwa kati ya asilimia 30 na 70, waache wajadiliane, maana wapo wa kutosha wa kuwashawishi wenzao. Wakiwa chini ya hapo, rudi ueleze upya. Wakiwa juu ya hapo, songa mbele. Baadhi ya vyuo hutumia vitufe vya elektroniki kupigia kura. Wewe tumia vipande vya boksi vyenye herufi A, B, C, D, kila mwanafunzi avitengeneze vyake, na wote wainue kwa wakati mmoja ili asiwepo wa kumwibia mwenzake. Kwa 62 unahitaji sekunde chache tu kuona darasa limekaa wapi.

Kuhusu alama za majaribio kutopanda. Kutazama na kusoma mara nyingi humpa mtu hisia kwamba ameelewa, na hisia hiyo hudanganya. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, watafiti wa saikolojia nchini Marekani, waliwapa wanafunzi maandishi mafupi. Kundi moja likayasoma mara mbili, jingine likayasoma mara moja kisha likafunika na kujaribu kuandika linachokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo, asilimia 81 kwa 75. Walipopimwa baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 42, waliojipima asilimia 56. Video nzuri ni kama kule kurudia kusoma. Inatelemka vizuri, na wiki ikipita hakuna kitu. Kwa hiyo kila unapozima projekta, daftari zifungwe, kila mmoja aandike kwenye karatasi mambo matatu aliyoyaona. Dakika tatu zinatosha, na husahihishi, wanalinganisha wenyewe. Ningekuwa wewe ningeanza na hili hata kabla ya lile bakuli.

Na wala usidhani ninakuletea mambo ya Marekani tu. Mwaka 1973 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi Kasulu, na Radio Tanzania ilikuwa inarusha kampeni ya Mtu ni Afya. Nchi nzima watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi vya kusikiliza. Kikundi cha kijijini kwetu kilikaa chini ya mwembe, nami nilikuwa natumwa kupeleka kigoda cha bibi. Kinachonijia kila nikikumbuka ni mkono wa kiongozi wa kikundi, mzee mmoja fundi seremala. Kipindi kikiisha tu anaizima redio, hairuhusu hata muziki uanze, anafungua kile kijitabu, anauliza: "Haya, sisi hapa, choo chetu na kisima chetu viko mbali kiasi gani?" Watu wanainuka wanakwenda kupima kwa hatua. Mashine moja, kijiji kizima, na watu wazima ambao wengi wao hawakuwa wamesoma. Vyoo vikachimbwa. Miaka miwili baadaye ikaja Chakula ni Uhai kwa mtindo uleule. Nchi hii ilijua kutumia kifaa kimoja kwa watu wengi kabla wewe hujazaliwa, na siri yake ilikuwa ni ule mkono unaozima redio kwa wakati wake.

Sasa tuje kwenye vishikwambi.

Nchini Peru serikali iligawa kompyuta ndogo kwa wanafunzi wa shule za msingi vijijini, chini ya mpango wa kompyuta moja kwa kila mtoto. Watafiti wakafuatilia shule 319, matokeo yakatolewa mwaka 2012. Kompyuta ziliongezeka kweli, kutoka 0.12 kwa mwanafunzi hadi 1.18. Katika hisabati na lugha hawakuona tofauti kati ya shule zilizopata na ambazo hazikupata. Vifaa vilitua darasani, ufundishaji ukabaki ulivyokuwa.

Ukiishia hapo utaona kishikwambi hakina faida, na hilo nalo si kweli. Hapahapa kwetu, mkoani Tanga, kati ya mwaka 2017 na 2019 watoto karibu 3,000 wa vijiji takriban 170 walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za kujifunzia kusoma, kuandika na kuhesabu, yakiwa ni mashindano ya kimataifa ya Global Learning XPRIZE. Wengi wao hawakuwa wakienda shule. Kabla ya kuanza, zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza ilipungua kwa nusu. Tofauti na Peru ni ipi? Zile programu zilimtaka mtoto ajibu kitu mara kwa mara, na zikamwambia papo hapo amepata au amekosa. Hakutakiwa kukaa na kutazama tu.

Ndiyo maana ukiniuliza kishikwambi kipi kinunuliwe, nitakuuliza kwanza kitawekwa nini ndani. Vyenu vya walimu, vile vilivyotumika kwenye sensa ya Agosti 2022 kisha mkagawiwa, vinatosha kujaribia. Waombe wenzako sita wakuazime kipindi kimoja kwa wiki, utapata saba pamoja na chako. Gawa makundi sita ya watu tisa na moja la wanane. Tisa kwa kishikwambi kimoja ni wengi, najua, ila wasikae bila kazi: mmoja anashika kifaa, mmoja anasoma swali kwa sauti, mmoja anaandika jibu la kundi, mmoja kazi yake ni kupinga na kudai sababu, waliobaki wanachora kwenye madaftari yao, na kila dakika saba mnazunguka.

Hapa naomba unisikilize kama mama. Ukiacha kundi lijipange lenyewe, kifaa kitakuwa mikononi mwa mvulana mwenye sauti kubwa, na wasichana watatazama mgongo wake. Nimeliona mara nyingi mno, Kasulu, Kibondo, Kigoma mjini. Msichana anaandika kwa sababu "ana mwandiko mzuri." Muhula unaisha hajagusa kioo. Anza na wasichana kushika kifaa, kila mara, mpaka iwe desturi isiyohitaji kusemwa. Mwingine ataogopa kukiharibu na atakirudisha haraka kwa mvulana, usikipokee, simama karibu naye mpaka azoee. Hili ndilo ningependa ulifuate hata ukiacha mengine yote niliyoandika.

Bando lako la mfukoni liokoe. Sehemu kubwa ya unachohitaji hukipakua mara moja tu. Ipo programu ya bure iitwayo Kolibri inayobeba masomo, video na mazoezi, na ipo Kiwix inayobeba Wikipedia nzima kwenye kadi ya kumbukumbu. Zote mbili zimetengenezwa kwa ajili ya mahali pasipo na intaneti. Ukiziweka kwenye ile kompyuta na kuiunganisha na ruta ndogo ya wifi, vishikwambi vyote darasani vinaifungua Kolibri bila senti moja ya bando. Vitabu vya kiada viko kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Siku unayokwenda mjini penye mtandao mzuri, nenda na flashi na orodha ya mada za muhula mzima, urudi umejaza.

Umeme. Angalia nyuma ya projekta yako imeandikwa wati ngapi. Nyingi za shuleni ni wati 200 hadi 300. Betri ya sola ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na kama ni ya asidi na risasi usiivute zaidi ya nusu. Toa na kinachopotea kwenye inveta, na projekta ya wati 300 ikiwashwa mfululizo utabaki na saa moja na nusu hivi. Kwa mtu anayeonyesha video nzima hiyo ni vipindi viwili. Kwa mtu anayewasha dakika nne na kuzima, ni wiki kadhaa za masomo. Ila usiiwashe na kuizima ovyo ndani ya kipindi kimoja kama ni ya taa ya zamani, maana taa hizo hupungua maisha. Funika lenzi au tumia kitufe cha kufanya picha iwe nyeusi.

Na nunueni spika. Spika ya projekta haisikiki na watoto 62, na mvua ya masika ikipiga kwenye bati hata sauti yako wewe mwenyewe haifiki dawati la nne. Siku za mvua fundisha na picha zisizo na sauti na maandishi ubaoni, usishindane nayo.

Lugha umeiacha kwenye swali lako, lakini inahusika na kusinzia kuliko unavyofikiri. Mtoto wako anaongea Kiha nyumbani, amesoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, sasa anasikiliza Kiingereza cha Mmarekani anayekimbia kuhusu kitu ambacho hata kwa Kiswahili ni kipya. Anachoka haraka kwa sababu anafanya kazi mbili kwa pamoja, na akishapoteza kamba hawezi kuidaka tena, kwa kuwa video haisubiri. Desturi iliyotufaa ni hii: swali ubaoni liwe Kiingereza, mabishano yawe Kiswahili, jibu la mwisho liandikwe Kiingereza. Mtihani utakuja kwa Kiingereza, na mabishano ya Kiswahili humpa mtoto kitu cha kuandika.

Lingine ambalo linafanya kazi kuliko nilivyotegemea: kila wiki teua wanafunzi wawili waeleze mada iliyopita kwa sekunde 90, uwarekodi kwa simu yako, sauti tu. Kipindi kinachofuata anza kwa kuicheza. Darasa zima litanyamaza kabisa, maana wanataka kusikia wenzao wamesema nini na wamekosea wapi. Wakisahihishwa, wanarekodi tena. Mwisho wa muhula una maktaba ya sauti ya darasa lako, na wanaofuata wataisikiliza. Omba ridhaa yao, na rekodi hizo zisitoke nje ya shule.

Akili unde (AI) itumie wewe, mezani kwako, kutunga maswali ya A, B, C yenye majibu ya kupotosha yanayofanana na makosa ya kweli ya watoto. Kila swali lipime kwa kitabu kabla ya kuliingiza darasani, kwa sababu inakosea kwa kujiamini. Majina ya wanafunzi na alama zao usiiandikie.

Kuna kusinzia ambako hakutibiwi na kifaa chochote. Mtoto aliyetembea kilomita saba asubuhi na hajala kitu tangu hapo, saa nane mchana atalala hata ukimletea sinema. Zungumza na mtaaluma akuhamishie vipindi vya projekta asubuhi, chumba kikiwa bado baridi, na suala la uji lipelekeni kwenye kikao cha wazazi kabla ya suala la vishikwambi. Nasema kwa uzito kabisa. Kama mchango wa mzazi ni mmoja tu kwa mwaka, uende kwenye uji.

Kwa mkuu wako wa shule usiende kupinga. Nenda na karatasi moja. Mwombe muhula mmoja wa majaribio kwa vifaa mlivyonavyo. Mada nne ufundishe kwa mtindo huu, na kwa kila mada uandike kura ya kwanza, kura ya pili, na alama za jaribio fupi wiki moja baadaye. Mwonyeshe pia orodha ya vitu vidogo vinavyokosekana: spika moja, waya mrefu wa ekstensheni, betri, pazia zito la madirisha mawili, kabati lenye kufuli. Muhula ukiisha mtakuwa mnajua kama mnahitaji vishikwambi kumi, au vitatu, au bado. Na mkiamua kununua, watakaokaa mbele ya wazazi kueleza wawe wanafunzi wenyewe, na bakuli, na jagi la maji, na sarafu ya shilingi 200. Mzee yeyote aliyewahi kuvua atajua jibu ni B, na atataka kujua kwa nini.